Boksi la Sauti ya Binti Yetu

Mume wangu hutengeneza maboksi ya spika, na mtaa mzima humwita Besi. Jina hilo walimpa vijana wa karakana ya baiskeli iliyo mkabala nasi, kwa sababu zamani, akijaribu boksi jipya, vikombe vyangu vilikuwa vinatembea vyenyewe kabatini. Mimi ni mshonaji. Chumba cha mbele tumegawana: upande wa dirisha cherehani yangu, upande wa mlango meza yake, na katikati kuna mpaka ambao vumbi la mbao halijawahi kuuheshimu. Nimeshona magauni ya harusi yakatoka na harufu ya gundi. Wateja wamezoea.

Ni mtu wa kugonga. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajaketi, atagonga meza kwa kifundo cha kidole, atagonga mlango, atagonga kabati, asikilize mbao zinavyojibu. Alipokuja kwetu kuniposa aligonga kabati la baba yangu na kusema, mbele ya wageni wote, kwamba mgongo wake umelegea. Baba alinuna siku nzima. Kesho yake akachungulia nyuma ya kabati, akakuta misumari imetoka, na nadhani ni misumari ile iliyoniozesha.

Katika kazi yake ana sheria moja: boksi husikilizwa na sikio la aliyelitengeneza, basi. "Masikio ya watu wawili yakikaa kushauriana," husema, "linatoka boksi la kamati." Mteja haulizwi, mke haulizwi. Yeye hufumba macho, huinamisha kichwa upande, husikiliza, na akifumbua macho hukumu imeshatoka. Miaka yote hukumu zake zilikuwa za haki, nami sikuwa na neno. Majivuno ya mtu anayeijua kazi yake yanavumilika.

Binti yetu ni mwalimu wa watoto wadogo katika mji mwingine. Tangu utotoni sauti yake ni nyembamba na ya chini, ya kuita paka si ya kuita watu, na darasa alilopewa limejaa hadi mlangoni. Alipaza sauti mwaka baada ya mwaka, koo likaota vinundu. Daktari wake alimwambia bila kuzunguka: ama aache kupaza sauti, ama sauti iondoke isirudi. Mwalimu asiye na sauti atafanya nini? Mkuu wa shule alishaanza kumuuliza, kwa upole ule wa kutisha, kama hajafikiria kazi nyingine. Akanunua kipaza sauti cha kufunga kiunoni, kile kidude cha plastiki, akawa anasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya kopo. Watoto walicheka wiki nzima, halafu kidude kikafa.

Alipiga simu kutueleza. Nilipokea mimi, maana baba yake simu haimpendi siku hizi; kila akiishika yeye, mtandao ni mbaya. Nilipomaliza kuongea nikamweleza yote. Alisikiliza akinitazama mdomo, kama alivyokuwa ameanza kuzoea, kisha akaweka msasa chini.

"Mwambie mwanangu asinunue tena takataka," akasema. "Nitamtengenezea. Akija likizo atalichukua."

Alikuwa na spika moja aliyoitunza miaka mingi droo ya chini, imevishwa soksi. Ndogo, inaenea kiganjani, koni yake ya karatasi nyeusi, sumaku yake nzito kuliko umbo lake. Spika ya namna hiyo, alinieleza, huimba zote peke yake, sauti nene na nyembamba, haina mwenzake wa kumsaidia juu wala chini. Ndiyo maana boksi lake linataka kufikiriwa. Spika kubwa unaweza kuifunika makosa, lakini hii ndogo, ukikosea boksi, itakusema kwa watu.

Akiwa na furaha huongea sana, na siku hiyo aliongea mpaka nikatoboa kidole kwa sindano. Kuna boksi la kufunga pande zote, hewa haitoki wala haiingii; besi yake haba, lakini linasema kweli. Kuna la kutoboa tundu na kutia bomba. Linaongeza besi, ila ukikosea urefu wa bomba linanguruma kama pipa. Kuna lenye njia ndefu ndani, imekunjwakunjwa kama utumbo. Na kuna ubao mtupu usio na mgongo, sauti inatoka mbele na nyuma.

"Kwa mtu anayefundisha huhitaji besi," alisema. "Unahitaji maneno. Unafunga pande zote, unajaza pamba, kazi imekwisha."

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikuwa sahihi kabla hajaanza.

Alipima kwa shubiri, kama anavyopima kila kitu, akakata plaiwudi, akatia gundi na vibao vya kushikilia pembe. Pamba nilimpa mimi, mabaki ya kujazia mabega ya makoti. Gundi ilipokauka aliunganisha waya kwenye amplifaya ndogo, akacheza sauti ya binti yetu aliyotutumia kwenye simu, anasoma somo la jinsi mbegu inavyoota. Nilisimamisha cherehani. Haki ya Mungu, nilidhani mtoto ameingia chumbani. Nilisikia hata alivyovuta pumzi kabla ya sentensi.

Mume wangu alifumbua macho, na uso ulikuwa umesawijika.

"Ana kitambaa mdomoni," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Boksi limemlia maneno. Sikiliza, anasema 'mbegu hupasuka', na hapo kwenye 'pasuka' pana shimo. Kila herufi yenye upepo imeliwa."

"Mbona mimi naisikia?"

"Wewe umezoea kelele za cherehani."

Haikuwa cherehani, nami nilijua. Kwa miezi kadhaa birika lilikuwa linapiga filimbi mbele yake mpaka maji yanakaribia kukauka, nami nikawa namsema kwa uvivu. Kisha siku moja nilimkuta ameketi karibu na jiko, shingo ameinyoosha, anakodolea mdomo wa birika. Filimbi ilikuwa inalia. Yeye alikuwa anangoja kuuona mvuke.

Kwa hiyo nilimwambia. Nilimwambia hapohapo, mbele ya boksi lake.

"Mzee, boksi halina neno. Ni masikio."

"Masikio yana nini?"

"Yamechoka."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Masikio haya," akasema, "ndiyo yaliyomsomesha huyo mwalimu."

Nilimpeleka hospitali kwa hila, nikimwambia atakwenda kutolewa nta. Msichana wa vipimo alimvalisha hedifoni, akamwambia anyanyue kidole kila akisikia mlio. Mimi nilikaa nyuma, mahali ambapo niliona taa ndogo ya mashine ikiwaka kila mlio unapotumwa. Mwanzoni taa ikiwaka, kidole juu. Taa, kidole. Halafu taa ikawaka na kidole kikabaki gotini. Ikawaka tena, na tena, na mume wangu ameketi wima, macho amefumba, kichwa upande, anasubiri kwa adabu. Nilitamani kunyanyua kidole mimi.

Alipozivua alimrudishia yule msichana kwa huruma. "Binti, hedifoni zako zimekufa upande wa sauti nyembamba. Niletee karakana, nitazitazama."

Daktari alieleza kwa sauti ya kutosha. Mishipa inayopokea sauti nyembamba imekufa, na mshipa wa sikio ukifa haufufuki. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni kinachoweza kukuza kile kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda.

"Yaani ni spika," mume wangu akasema. "Ndogo, ya ndani ya sikio."

"Tuseme hivyo, mzee."

"Na boksi lake ni la aina gani?"

Kifaa hakukitaka; mzee akavaa kofia, tukaondoka. Tulipofika nyumbani akachukua patasi, akalibandua boksi la kwanza ubao kwa ubao, pamba yangu akaitupia mezani kwangu, na mbao zile akaanza kuzikatia boksi la pili.

La pili lilikuwa la tundu na bomba. Binti yetu akatoka humo na sauti ya mjomba wake mwenye kitambi. Hata yeye alilikataa. La tatu ni lile la njia ya kukunjwa. Lilikuwa kubwa mpaka nikahamisha meza ya kukatia vitambaa, na nikamuuliza kama mwalimu atalibeba shuleni au wanafunzi watasomea ndani yake. Hakucheka. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akashika tena patasi. Mchagua nazi hupata koroma, tunasema, lakini huyu alikuwa anazitikisa nazi zote na hasikii maji.

Kuna msemo ambao nimemtupia mume wangu maisha yetu yote kila anapokuwa mbishi: sikio la kufa halisikii dawa. Siku hizo ulinijia mdomoni mara nyingi, na kila mara niliumeza. Nilikuwa namhurumia, na nilikuwa na hasira naye, na huruma na hasira zikikaa kifua kimoja huwezi kushona mstari ulionyooka. Nilimwambia tena kuhusu masikio. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwomba kijana mmoja wa baiskeli amwambie. Yote aliyajibu kwa kugonga ubao.

La nne halikuwa boksi tena. Ulikuwa ubao mtupu usio na mgongo, spika katikati, na kwenye waya alitia kidude cha kuzuia sauti nene zisipite, ili zibaki nyembamba tupu. Alipowasha, sauti ya mwanangu ilitoka kama msumeno unaokata bati. Vijana wa baiskeli walifunga mlango wao. Paka wa jirani, ambaye hulala kwenye vitambaa vyangu, aliondoka bila kuaga.

Na mume wangu, macho amefumba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo.

"Unasikia?" akasema. "Hupasuka. Imerudi."

Niseme nini mimi? Nikimnyang'anya furaha ile, nampa nini badala yake? Nikimwachia, binti yangu atasimama mbele ya darasa na hicho kitu, watoto wa watu wazibe masikio, na mkuu wa shule apate sababu aliyokuwa anaitafuta. Nilirudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Binti akaja. Amekonda kidogo, shingoni amejifunga skafu, na sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi ya nilivyoisikia kwenye simu. Ilikuwa kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Shikamoo, baba," akasema, na baba yake akaitikia marahaba kwa shangwe, maana salamu hiyo mtu huijua hata kwa macho. Hakumpa nafasi ya kunywa hata maji. Akamketisha kwenye kiti changu, akawasha ubao wake, akasimama pembeni kama bwana harusi.

Nilimwona mwanangu anavyoshtuka. Mkono ulikwenda sikioni, akaushusha haraka, akaupitisha kwenye nywele kana kwamba hizo ndizo alizokuwa anazitafuta. Aliniangalia. Nikaangalia sakafu.

"Ni kali kidogo, baba," akasema.

"Eh?"

Akaonyesha kwa vidole: kali, punguza. Baba yake akakubali, hakubisha, kwa mtoto habishi. Akazima, akachomoa waya ili ausogeze ubao karibu na mwanga, akaketi kwenye kigoda mbele ya binti yake. "Haya," akasema, "nieleze darasa lako lilivyo. Ukubwa wake, dari lake, watoto wanakaa vipi. Kila kitu."

Binti akaanza kueleza. Alieleza kwa ile sauti aliyobakiwa nayo, uso ameinamisha kwa sababu koo lilikuwa linamuuma. Sakafu ni ya saruji, alisema, madirisha hayana vioo, safu ya nyuma wanakaa wale wafupi kwa sababu warefu wamewahi viti vya mbele. Mume wangu alikuwa amekunja uso. Akasogeza kigoda. Akainamisha kichwa upande. Kisha akanyanyua mkono kumsimamisha, kwa upole.

"Ngoja, mwanangu. Ngoja nizime kwanza hiki kidude, kinakuharibia maneno."

Akageuka, akanyoosha kidole kwenye swichi ya amplifaya. Swichi ilikuwa imezimwa. Waya ulikuwa unaning'inia pembeni ya meza, haujashika kitu.

Alibaki vilevile, ameinama, kidole juu ya swichi. Nilimwona akiutazama ule waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaugusa. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi na sikujua niuweke wapi.

"Sema tena," akasema, bila kugeuka.

"Baba," binti akasema.

"Tena. Kwa nguvu."

"Asipaze!" nilimpigia kelele, maana yangu sauti ipo. "Amekatazwa kupaza!"

Lakini mtoto alishapaza. "Baba!" akaita, na katikati ya neno sauti ikapasuka, akashika koo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Baba yake alikuwa amegeuka na kuona kila kitu. Alikwenda akampiga piga mgongoni, taratibu, kama tulivyokuwa tukimfanyia akipaliwa utotoni. "Basi," akawa anasema. "Basi, mama. Basi. Nimekosa."

Kisha akaniuliza mimi, na aliniuliza kama mtu anayeuliza njia:

"Lile la kwanza lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa," nikasema.

"Maneno yote yalikuwemo?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia, wala hakuvunja kitu. Ningefurahi kama angevunja kitu, ningejua pa kuanzia.

Kesho yake akakata plaiwudi mpya. Shubiri zilezile, gundi ileile, vibao vya pembe. Mikono yake haijasahau lolote. Ukiitazama mikono tu utasema huyu mtu hana tatizo duniani. Alipofika kwenye kusikiliza hakufumba macho. Alivuta kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata mimi sikuwahi kukikalia, akakiweka mbele ya boksi, akaniashiria nikae.

"Niambie wewe," akasema.

"Mimi najua nini kuhusu spika?"

"Unasikia."

Nilikaa. Sijawahi kuogopa kiti namna ile. Akawa anatia pamba kidogo, anafunga, anawasha, ananitazama usoni. Nikikunja uso anafungua, anapunguza. Nilijitahidi uso wangu usiseme uongo. Mara moja nikadhani sauti imebana, nikasita, naye akaona nimesita kabla sijasema, akaongeza pamba. Tulifanya hivyo asubuhi yote bila maneno mengi. Mwishowe, kwenye ile sauti ya simu, mwanangu alikuwa chumbani tena, anavuta pumzi, mbegu inapasuka, na nikanyanyua mkono kwamba hapohapo. Akafunga skrubu za mwisho bila kuuliza kama nina hakika.

Binti alilia alipolisikia, akasema kwa kunong'ona kwamba hajawahi kuisikia sauti yake hivyo, kwamba safu ya nyuma watamsikia akiwa amekaa. Ile kazi haitampotea tena, na kwa hilo namshukuru Mungu, nashukuru kwa dhati. Siku ya kuondoka akataka kulijaribu na maikrofoni yake mwenyewe kabla ya kulifunga kwenye mfuko. Akaibana kwenye kola, akageukia dirishani kupanga vitu vyake, mgongo ukawa kwetu.

"Baba," akasema, bila kukaza koo hata kidogo, na sauti yake ikajaza chumba chote, tulivu, safi. "Leo umekula?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake, bisibisi mkononi. Akajinyoosha.

"Safi kabisa, mwanangu," akajibu. "Nasikia kila neno."

Binti akageuka, akanitazama mimi. Basi akamwendea baba yake, akasimama mbele ya uso wake mahali penye mwanga.

"Asante, baba," akasema polepole, akiufungua mdomo vizuri ili auone.